Dhamana

Daraja Kavu, Tbilisi, Jumamosi.
Tsisana ana lari mia tatu
na harusi ya binamu mwezi ujao.

Lenzi ya Kijerumani: kioo hakina doa,
bei ni kodi ya miezi minne.
Ya Kijapani hulenga kama paka,
ila ikiugua husafirishwa Warshawa,
hurudi wiki ya saba na barua ya pole.

Nugzar anamwekea kiganjani ya Kisovieti,
nzito kama jiwe la mizani.
Pete inakwaruza. Pembezoni, nyuso zinayeyuka.
"Mia na themanini."
"Na dhamana?"

Anaonyesha kiti chake cha kukunja:
"Tangu mwaka themanini na tisa.
Mvua ikinyesha, niko chini ya mwavuli ule."

Nyumbani, skrubu moja haipo.
Jumamosi si mbali.