Ngazi Saba Kwenda Chini

Miaka kumi na mmoja nimepita pale
nikidhani ni stoo ya makaa,
au ya yule fundi viatu aliyehamia Batumi
akatuachia kufuli.
Hakuna kibao. Kidirisha kimoja tu, usawa wa kisigino,
kioo chake kimerushiwa matope na magari.
Mimi fundi wa lifti, kazi yangu kupanda;
ya chini ya barabara siyajui.

Jumanne ile watu wa maji walikuwa wamechimbua Sololaki nzima,
tunapita kiubavu, tumbo ukutani, kama kaa,
mvua nayo ikaamua.
Nikasukuma mlango nisilowe.
Naapa, ni hilo tu.

Ngazi saba. Nilizihesabu kwa goti langu bovu.
Chini, harufu: udongo mbichi, nta, maganda ya jozi,
na kitu kingine
ambacho pua ilikijua kabla yangu
ikakataa kuniambia.

Chupa zimelala ubavu gizani,
kila moja na karatasi shingoni, mwandiko wa kalamu ya wino:
"Huyu ana haya. Mpe saa nzima."
"Wa mlimani. Hugombana na samaki."
"Pipa la mwisho la Shalva. Haoni tena, bado anakanyaga zabibu."
"Usinunue. Naupenda mwenyewe."

Mama mmoja akainuka nyuma ya meza,
miwani kwenye nywele, miwani nyingine puani.
Mzevinar, alisema. Kemia, darasa la tisa na la kumi, miaka thelathini,
hadi shule ikafungwa.
Nikangoja aniulize nina pesa ngapi.
Akauliza, "Leo unakula nini?"

Maharagwe, nikasema. Ya jana.

"Na nani?"

Hapo nikatazama viatu.
Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye koti langu
yakitafuta njia kati ya vigae vyake.
"Na redio."

Hakunisikitikia. Namshukuru mpaka leo.
Alipita kwenye rafu akigusagusa shingo za chupa
kama mwalimu anayehesabu watoto waliorudi matembezini,
akatoa moja, rangi ya chai iliyosahauliwa birikani.
"Chinuri. Umekaa ardhini miezi sita,
ndani ya mtungi, pamoja na maganda yake.
Maharagwe ya jana yanahitaji mtu wa kubishana naye."

Nyumbani nikafungua. Mkali! Mkavu!
Ulimi ulikwaruzwa kama umelambwa na paka.
Nikanywa nusu, kwa sababu ya bei.

Kesho yake nilizishuka zile ngazi, chupa kwapani,
hotuba imenijaa kinywani:
kwamba umeharibika,
kwamba unanuka ganda la kitunguu,
kwamba ukipita kooni unaacha kitu kama, nikatafuta,
kama waya wa lifti unaoomba grisi,
kama jiwe la mtoni ulilolilamba utotoni,
kama ua wa bibi yangu kule Kaspi
siku ya kuosha mitungi, ile iliyozikwa hadi mdomo,
sisi wembamba tukishushwa ndani kwa kamba
na brashi ya gome la mcheri mkononi,
unaita, na giza linakurudishia jina lako
likiwa limelowa

nikanyamaza.

Ile harufu ya jana ilikuwa imesimama kando yangu.

Mzevinar alikuwa anaandika.
Akapuliza wino ukauke,
akaivalisha karatasi chupa ya Chinuri iliyobaki:
"Elguja anasema: waya wa lifti."
Kisha akaweka glasi mbili mezani.
"Unataka nikurudishie pesa?"

Simu yangu ikalia. Lifti imekwama, ghorofa ya nane,
jengo la nyuma ya soko, mama yumo ndani
na mboga zake, anapiga kelele hadi barabarani.

"Nenda," akasema. "Nitauacha wazi.
Saa nzima itaufaa."

Nikapanda. Goti liliuma vilevile.
Kupitia kidirisha, nikiwa sasa upande wa visigino,
nilimwona akiinusa glasi yangu,
akikunja uso,
akicheka peke yake.