Maneno ya Fundi Akikabidhi Mkoba

Mkoba wako tayari, Bi Khaltuma. Kaa kwanza,
sogeza hizo ndara kitini, za Mtaliano, hazifuati leo.

Ulipokuja ulisema, "Nataka mfuko wa pili, wa nyuma,"
na mikono yako ikachora umbo hewani,
ikaacha pembe moja bila kuimaliza.
Sikuuliza. Fundi wa ngozi hupima.
Lakini tangu duka lako la dhahabu livunjwe, mwezi wa Rajabu,
Maweni nzima inajua umekwenda Nairobi mara tatu kufuata karatasi,
na mara ya tatu umerudi umenyamaza.

Tazama. Upande wa mbele ni wa siku zote:
funguo, miwani, simu, halua ya mjukuu.
Huu wa nyuma hauna rafiki.
Usitie risiti. Usitie hata kalamu.
Kalamu ina kidole chembamba, haijui inachogusa.

Humo nimekata ala ya ngozi ya ng'ombe,
nimeiloweka maji moto, nikaikausha juu ya kipande cha mvule
nilichokichonga kwa vipimo ulivyoniandikia.
Inafunika kifyatulio chote. Bonyeza hapa, kwa nje,
kwa nguvu zako zote. Unaona? Hakiitiki.
Nimeishonea chini, mishono miwili, uzi wa nta,
isigeuke ukipanda bodaboda,
mdomo wake usikutazame wewe.

Zipu inataka mkono wa kulia, na inataka nia.
Fundi mwingine angetia sumaku, nyepesi, ya kupendeza.
Sikutaka iwe nyepesi.

Mkanda una waya ndani. Wale wa pikipiki, barabara ya Lamu,
unawajua, hupita mkono umenyooka.
Uvae kifuani. Usiuning'inize begani
kama anayekwenda kununua mchicha.

Sasa haya hayamo kwenye bei.

Harusini wanawake hurundika mikoba na mabuibui kitandani.
Wako usirundike. Watasema unajidai, una hirizi,
waache. Au siku hiyo kitu kibaki nyumbani
kwenye sanduku la chuma, ufunguo shingoni mwako.
Saluni, chooni, kwa daktari wa meno,
kila mlango utajiuliza: nitauweka wapi?
Swali hilo ndilo uzito wake.
Gramu nilizipima. Hilo mizani yangu haikulisoma.

Marehemu ndugu yangu, Bwanakheri,
alikuwa polisi wa akiba kule Gongoni.
Siku moja alikiweka kwenye kikapu cha ukili, chini ya ndimu,
akaingia kuoga.
Binti yake, miaka minne, alipenda ndimu kwa chumvi.

Risasi ilipasua mtungi. Ilimkosa kwa upana wa kiganja.
Hakufa mtu, ndiyo maana hujapata kuisikia.
Maji yalitambaa sakafuni, mtoto kasimama, ndimu mkononi,
na Bwanakheri, shuka kiunoni, povu masikioni,
akaanza kucheka,
akacheka, hakuweza kuacha mpaka adhuhuri.
Kesho yake akairudisha silaha kituoni.
Ndimu hakula tena, hata kwenye samaki.

Huyo Twaiba wako, juzi mlipokuja,
alitia mkono katika kila mfuko wa kibanda hiki
akatoka na chaki yangu.
Mfundishe kwamba halua iko mbele.
Kisha usilitegemee somo hilo.

Elfu sita na mia tano. Mkanda zawadi.
La, la, usikijaribie hapa!
Kajaribie nyumbani, mlango umefungwa, kikiwa kitupu,
na utupu wake uhakikishe kwa jicho, kwa kidole,
kisha kwa jicho tena.

Miaka thelathini na miwili nashona mikoba,
na kila mmoja nimeuombea ujae.
Huu wa nyuma nimeuombea usifunguliwe.

Chukua na kipande hiki cha nta.
Zipu ikianza kukwama, ipake.
Ikikwama tena, njoo. Usiilazimishe.