Njia Panda

Kinu kilimponyoka Kalunde, tailizi ikasema ta!
Ufa ukatambaa toka jikoni, ukagawanyika:
mmoja kwenda mlangoni, mmoja chini ya kabati.
Fundi kataja elfu sitini. Nikamkaribisha chai, akanywa, akaenda zake.

Saruji nyeupe nusu kilo, dukani hapa Cheyo.
Vumbi la tofali kidogo, rangi ifanane.
Nikashindilia kwa kadi ya benki iliyokwisha muda,
leo angalau imenitolea kitu.

Mihambo akaja na behewa lake la kiberiti.
Miezi miwili analiendesha humo:
mlangoni Mwanza, kabatini Kigoma.
“Baba, abiria watalala wapi?”

Ya Mwanza nilishaiziba.
Ya Kigoma, tambara mkononi,
nikachelewa makusudi
mpaka saruji ikagandia kopo.