Laki Nne na Kumi na Nane Elfu

Fundi Dzombo kafungua boneti, kanyamaza.
Fundi akinyamaza, mfuko hutetemeka.
Kachovya kidole kwenye mafuta ya injini,
kakileta mwangani: rangi ya chai ya maziwa.
"Maji yameingia. Gasketi ya kichwa.
Na usishangae kichwa chenyewe kimepinda."
Kisha kaendelea, taratibu, kama anayetaja marehemu:
shokapu za mbele, reki ya stelingi, rejeta,
"na huko chini, wewe mwenyewe wajua."

Huko chini najua.
Chumvi ya Mombasa hailli gari kwa siku moja.
Ilianza kidoa kama harara, pembeni mwa mlango;
nikakipaka rangi, nikakisahau.
Leo Nuswaiba akikaa nyuma huinua zulia
aitazame lami ya Makupa ikikimbia chini ya viatu vyake.
"Baba, tumekanyaga mstari mweupe!"

Elfu themanini na tano, kulitengeneza.
Dalali Twalib atoa laki na ishirini, taslimu, leo,
nami najua atalichinja kabla ya Isha:
milango Jomvu, viti Mariakani,
mengine kwa kilo.

Mwanasiti kapiga hesabu nyuma ya bahasha ya stima.
Mwaka jana klachi. Mwaka juzi klachi pia.
"Hili si gari, ni mtoto wa bweni.
Kila muhula lina karo."
Dzombo kafuta mikono: "Usitupe mbachao, bibi,
kwa msala upitao."
"Mbachao wenyewe umetoboka, fundi. Twasali mchangani."
Kacheka hadi spana kumi na mbili ikamponyoka.

Mimi kazi yangu kutoa magari ya watu bandarini.
Miaka kumi na tisa nimekalia viti vya nailoni,
nikawa tajiri kutoka geti hadi yadi,
dakika kumi, kisha nateremka, natia sahihi.
Jumanne nilitoa moja la fedha, linang'aa,
saa yake yasema elfu sitini na moja.
Nikafungua mlango, nikaona kikaratasi cha kubadilisha mafuta.
Kijapani sikijui hata neno,
lakini tarakimu hazihitaji mkalimani:
laki moja, arubaini na nane elfu.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Huyu kamba kakatwa, kaoshwa, katiwa manukato,
na bei yake laki tisa na nusu.
Sacco wako tayari. Miaka minne ya kukatwa mshahara.

Hili langu halijarudishwa nyuma hata kilomita moja.
Zote nimeziendesha mimi.
Usiku wa mafuriko ya Kibarani, maji mlangoni,
likakohoa, likapita.
Elfu tatu hivi ni za mama peke yake,
Bamburi hadi hospitali kusafishwa damu,
Jumatatu na Alhamisi, miezi kumi na minne.
"Kiti hiki," akisema, "kimeshaujua mgongo wangu."

Sitaji haya ili nihurumiwe. Chuma hakina fadhila.
Mama mwenyewe angeuliza: bei gani?

Basi nikamwambia Dzombo: kifungue kichwa,
kipeleke kwenye lethi, Mwembe Tayari.
Kikiwa kimepinda, kinyooshe, nitalipa kwa vipande.
Kikiwa kimepasuka, mpigie Twalib,
nami nisiwepo.

Tukaondoa vyetu butini: mwavuli,
mto wa mama, ndara moja ya mtoto, ya kushoto.
Mwanasiti kaikunja bahasha, hakuitupa.
Dzombo alipochomoa betri, Nuswaiba kauliza:
"Sasa zile namba zitasahau?"
Nikachungulia dirishani. Ni saa ya kizamani,
ya vigurudumu, haili umeme.
Zilikuwa zimekaa vile vile,
na ule wa mwisho umesimama katikati,
kati ya sita na saba.