Upande wa Ndani

Asubisye Mwakibete alirudi Jumanne,
ukungu bado umelalia Soko Matola,
na jino lake ndani ya kiberiti.
Alikifungua polepole,
kama mtu anayekuonyesha kifaranga kilichokufa.
"Lilitoka msibani, Daktari, kule Kiwira. Beti ya pili.
Nilipuliza, likatangulia."

Ana migomba na kahawa kidogo,
lakini kwao wanamjua kwa tarumbeta la kanisani.
Nikamwambia, kwa sauti ile ya chuoni,
"Labda ulitafuna muhindi wa kuchoma."
Akasema, "Labda."
Alilipokea kosa lisilo lake
kwa adabu, kama anavyopokea mtu kikombe cha chai,
nami nikaacha alishike.

Kisha nikakigeuza kigae chini ya taa.
Nje kilikuwa kizuri, ndugu kabisa wa jino la jirani.
Ndani, upande asioutazama mtu
ila yule anayegandisha,
kilikuwa safi. Safi kama sahani ya mgeni.
Saruji yote ilibaki kwenye jino.
Jino lilitimiza ahadi. Kauri ndiyo iliyoachia,
na kauri niliiandaa mimi.

Ijumaa ile nilikwisha kuipaka asidi,
nikaijaribisha mdomoni, ulimi ukaigusa,
umeme ukayumba, foleni inakohoa nje,
nikayafuta mate kwa pamba.
Kwa pamba tu.

Baba yangu alikuwa fundi lipu, Tukuyu,
mji ambao mvua yake haiulizi ni mwezi gani.
Akikuta ukuta laini, alisikitika.
Alitoa patasi, akaugonga kovu kwa kovu,
mwenye nyumba akipiga kelele: "Fundi, unaniharibia!"
"Lipu haitaki uso mzuri, mama,
inataka pa kung'ang'ania."
Nilisoma miaka mitano Dar es Salaam
kuja kuambiwa hilohilo kwa maneno marefu.

Haya. Upya.
Kwenye jino nakwangua saruji ya zamani, taratibu.
Kwenye kauri: glavu mbili, dirisha wazi,
baridi ya Loleza na iingie.
Asidi hii hula kioo, ndiyo maana inalala kwenye plastiki.
Ikikugusa kidole hainong'oni kitu mchana;
usiku ndipo huongea, na mfupa.
Sekunde ishirini. Nahesabu kwa Kinyakyusa,
maana kwa Kiswahili huwa naharakisha.
Naosha. Naosha tena. Nakausha.
Mng'ao umekwisha, pamebaki weupe wa chaki,
kama viazi vya Uporoto asubuhi ya sakitu.

Sasa silani, tone moja.
Silani ni mshenga:
anajua lugha ya kioo, anajua lugha ya utomvu,
anashika mkono huku na mkono kule,
na siku ya sherehe hakuna anayemtaja.
Nampa dakika yake nzima.
Posa ya haraka niliishaijaribu.

Safari hii nimetandika mpira kuzunguka jino,
mate yabaki kwao.
Saruji, kigae, kidole changu kimetulia juu yake.
Na hapo, mdomo wake ukiwa wazi,
asiweze kunisamehe upesi,
nikamwambia:
"Si muhindi, Baba Tumpale. Ni mimi. Niliruka hatua."

Macho yake yalinitazama yakiwa yamepinduka,
paji chini, kidevu juu.
Hayakusema kitu nilichoweza kukisoma.
Nikawasha taa ya buluu.
Umeme ulikatika katikati, kama kawaida ya Mwanjelwa na sisi,
lakini taa ina betri,
iliendelea kulia pi, pi, pi gizani,
utomvu ukawa jiwe.

Akasuuza. Akapitisha ulimi, upande wa ndani kwanza.
"Jumapili tunapuliza Rungwe," akasema,
na kuhusu lile jingine hakusema.

Alikisahau kiberiti mezani.
Mlikuwa na njiti tatu.
Jioni, giza liliporudi, nikatumia moja,
mbili nimeziacha humo.