Hamsini Zangu

Mtaa wa Samora, ghorofa ya sita, chumba hakina dirisha.
Mashine zinanguruma safu tatu, vitaa vyake vya kijani vyapepesa,
na kiyoyozi kinapuliza usiku na mchana
hewa kavu kama karatasi ya risiti.
Ukisugua baibui, linatatarika.
Ukigusa kitasa, kinakuuma.
Juzi nilimpa Nassoro bisibisi, ikaruka cheche
ndogo, ya buluu, kati ya kidole changu na chake,
akasema, "Mama Tunu, leo umenichaji bure."
Tukacheka. Kadi ya kumbukumbu mkononi mwake haikucheka:
ilikufa palepale, bila moshi, bila kwaheri,
na bosi akaiandika bei yake kwa wino mwekundu.

Ukutani kuna kipima-unyevu, saa isiyotaja saa.
Mshale umelala kwenye ishirini na nane.
Mashine ya mvuke imekufa, kipuri kipo bandarini,
nami nateka maji chooni, ndoo baada ya ndoo,
nayamimina kwenye mabeseni, mbali na nyaya,
natundika taulo zilizolowa migongoni mwa viti.
Mtu na shahada yake
anamwagilia chumba kama tuta la mchicha.

Jioni narudi Kigogo.
Masika. Bonde zima linatoka jasho.
Nikifungua mlango, uvundo unanipokea kabla ya watoto.
Nyuma ya kabati kuvu imechora ramani,
visiwa vyeusi, rasi, ghuba,
kila wiki bara jipya.
Chumvi imekuwa uji kikoponi; punje za mchele nilizoitilia
zimevimba, zimeacha kazi.
Biskuti hazivunjiki, zinakunjika.
Sare za shule ziko siku ya tatu kwenye kamba ya sebuleni,
zinanuka paka aliyenyeshewa.
Na koti la marehemu baba Tunu, lile la harusi,
limeota mvi kwenye kola,
yeye aliyeondoka bila hata unywele mmoja mweupe.

Bi Mwantumu, jirani, alisema: paka rangi.
Nilipaka.
Kuvu ikangoja rangi ikauke, ndipo ikachungulia.

Ijumaa ofisini walileta kipimo kipya.
Nikaomba kile cha zamani, kioo chake kina ufa.
Nikakitundika nyumbani kando ya kalenda.
Themanini na sita.
Kumbe nilikuwa nalala kisimani.

Nikalivuta kabati, likaachana na ukuta upana wa kiganja.
Nikasugua kwa siki na brashi ya kufulia, pua nimeifunga kanga.
Sufuria la maharage likahamia uani, linung'unike huko.
Makaa kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda.
Na Tunu, miaka tisa, akapewa amri:
jua likitoka, hata kama ni kwa dharau,
fungua madirisha mawili yanayotazamana;
tone la kwanza likilia batini, funga.
Anasoma mshale kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira:
"Sabini na nne! Sabini! Sabini na moja, mama, umechemsha chai!"

Mchana natia maji, usiku nayakamua.
Mikono ileile.
Kule nikizidisha ukavu, kitu kinaungua;
huku nikilegea, kitu kinaota.

Nassoro aliniuliza mbona siku hizi sina umbea wa mtaani.
Nikamjibu, nimeshika hamsini zangu.
Akadhani ni msemo tu.

Jumapili lilipochomoza jua nilianika koti.
Upepo ukaingia mikononi, mabega yakajaa,
nikageuka haraka nikaokote vibanio ambavyo havikuanguka.

Sasa ni saa nne usiku. Mvua imeanza upya.
Mshale uko hamsini na tisa.
Tunu kakohoa mara moja, kageukia ukutani.
Naingoja ya pili.