Maziwa ya Bure

Walifika Accrington mwezi wa Februari,
mvua ikiwa ile isiyonyesha wala isiyokoma,
wakakodi jengo lililokuwa benki
wakalivika vioo na kamera mia mbili.
Duka lisilo na muuzaji: unaingia, unachukua, unatoka,
simu inalipa yenyewe, humo humo mfukoni.
Mimi niliajiriwa mlinzi wa usiku,
nikawa nalinda friji zinazonilinda.

Meneja wao, Brandt, suti na raba nyeupe,
alituambia: miezi sita, maziwa bure, mkate bure,
hasara tumeshaitengea fungu.
Kwetu husema penye udhia penyeza rupia.
Huyu alipenyeza hata pasipo udhia.

Watu walichukua. Kwa nini wasichukue?
Foleni ilipinda hadi kituo cha basi.
Kisha, chupa kwapani, wakavuka barabara
kwenda sokoni kwa Maureen Haworth
kununua viazi vyenye udongo wake
na kumuuliza goti linaendeleaje.
Kamera ilihesabu hatua zao hadi mlangoni.
Baada ya hapo haikujua kitu.

Dau likapanda. Vocha za pauni ishirini.
Mlango ukafundishwa kuita watu kwa majina.
Bi Edna Pilling hutembea na simu ya marehemu mumewe,
na kila Alhamisi mlango ulimwambia:
Karibu tena, Stanley.
Aliingia, akasimama kidogo karibu na jibini,
akatoka mikono mitupu, akaingia tena.
Daftari la Kampuni lilimwandika mteja mwaminifu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ilikuwa na daftari,
ikapotea na habari zake zote.

Oktoba walishusha vioo.
Brandt alinipa mkono. Kwa Kampuni, alisema,
hii ni sarafu iliyodondoka nyuma ya kochi.
Hakuwa anajigamba. Nadhani alikuwa ananifariji.

Sokoni walicheka wiki nzima:
tumewashinda, pesa zao na kamera zao!
Nikacheka nao, mpaka nilipokumbuka gari la Clifford,
lile la maziwa, lililopita mtaani kwetu saa kumi alfajiri
miaka thelathini na moja, chupa zikigongana
kama meno ya mtu mwenye baridi.
Aliliuza Juni. Nani atashindana na bure?
Kampuni imeondoka, Clifford hajarudi.
Ushindi hawakuweza kuununua,
kushindwa kwake walikununua kwa bei ya chenji.

Siku hizi nanunua maziwa kituo cha mafuta,
peni thelathini zaidi, na yana ladha ya karatasi.

Na Alhamisi iliyopita nilimwona Bi Edna
mbele ya mlango uliopigiliwa mbao,
ameinua simu juu kidogo,
anasubiri.